Kusomea osteopathia: Marekani, Uingereza au Ufaransa?

Kiraka_7: Wakuu, habari zenu. Nataka kusomea osteopathia, ile tiba ya kubonyeza na kunyoosha viungo na misuli kwa mikono. Dirisha la maombi linakaribia kufungwa na bado niko njia panda: Marekani, Uingereza au Ufaransa. Wapi bora?

MamaViungo: Bora kwa nani? Una shahada tayari? Unataka kupasua na kuandika dawa, au kazi ya mikono tu? Hujasema hata moja.

Ngiri: Marekani, mjadala umefungwa. Kule DO, yaani mhitimu wa osteopathia, ni daktari kamili, na tangu 2020 mafunzo ya ubingwa yako chini ya mfumo mmoja na wenzao wa MD, madaktari wa kawaida. Kwingine ni wachuaji wenye vyeti.

Shina: Punguza dharau, mkuu. Uingereza jina hilo linalindwa na sheria ya 1993. Ukijiita osteopath bila kusajiliwa na General Osteopathic Council unashitakiwa. Na hao ma-DO wako, wengi wakishamaliza chuo hawagusi tena mgongo wa mgonjwa.

Ngiri: Wana kazi za maana.

Pembe: Popote uendapo, uliza saa za kliniki. Mimi chuo kimoja cha mtandaoni kiliniapia cheti chao kinatambulika kimataifa. Masomo ya video, halafu wikendi chache tunabonyezana migongo wenyewe kwa wenyewe. Mgonjwa halisi sikumwona. Nilipopeleka maombi ya usajili, dada wa dawatini hakuhangaika na ule muhuri wa dhahabu. Alifungua orodha ya masomo, akaweka kalamu kwenye mstari wa kliniki. Patupu. Mwongozo wa WHO wa 2010 unataka saa 4,200 kwa anayeanza bila taaluma ya afya, zisizopungua 1,000 kati ya hizo akihudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Nikadai ada yangu, simu ikawa haipokelewi.

MamaViungo: Pole sana. Ufaransa nako ni miaka 5, saa 4,860. Kiraka, Kifaransa unakiweza?

Shina: Na ile tiba ya kusikilizia kwa vidole mifupa ya fuvu ikicheza, bado wanafundisha? Hapo ndipo huwa naachana nao.

Kiraka_7: Asanteni. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, niko kazini miaka kadhaa sasa.

MamaViungo: Ndiyo unasema leo! Wenye taaluma ya afya wana njia yao fupi, mwongozo huohuo unataja saa 1,000. Anza hesabu upya.

Ngiri: Marekani hakuna njia fupi. Miaka 4 juu ya shahada, kisha ubingwa.

Shina: Fuvu hamjanijibu.