Chesisi ya gari la sloti ya mtindo wa 1966: nitumie shaba au waya wa chuma?

Mdigo_Birmingham:
Wakuu, habari zenu. Niko Birmingham, Uingereza, kwenye klabu inayokimbiza magari ya sloti, yale madogo ya umeme yanayofuata mfereji juu ya njia ya mbao. Nina bodi ya Ford GT40 Mk II ya skeli 1/24, gari lililozoa nafasi tatu za kwanza Le Mans 1966. Chesisi ya kununua siitaki. Nataka kuunda yangu kwa tupa, msumeno na lehemu, kama walivyofanya Wamarekani wakati ule. Mota ninayo, Mabuchi 36D, na pasi ya kulehemu ya wati 60. Je, reli ziwe za shaba ya njano au waya wa chuma cha springi? Na ekseli ya nyuma nitaifanyaje ikae sawasawa bila kununua jigi ya bei mbaya?

Fundi_Chumbageni:
Karibu kijana. Nilikuwa fundi redio Tanga, sasa niko Toronto kwa wanangu, na haya magari nayapenda mno.

Anza na shaba. Inashika lehemu upesi, ukiikunja inatulia, na ni nzito, kwa hiyo uzito unakaa chini kabisa, pale unapousaidia mpira kung'ang'ania njia kwenye kona. Kila upande laza fito mbili za inchi 1/16 zikigusana. Kabla ya kulehemu, zifunge kwa waya mwembamba wa shaba uliotoa kwenye kebo ya zamani. Kiungo hakitahama, na sura yake itakuwa ya miaka ile hasa.

GT40 halisi ina milimita 2,413 kutoka ekseli hadi ekseli. Gawanya kwa 24, unapata 100.5. Chora mistari hiyo kwenye karatasi ya miraba ya hesabu, ibandike juu ya ubao ulionyooka, kisha pigilia misumari midogo ya kubana fito. Jigi yako ndiyo hiyo.

Roho ya gari ni kitako cha nyuma. Mota na ekseli lazima viwe kitu kimoja kisichotikisika. Reli zikinyumbuka kidogo si kitu, lakini gia zikiachana hata unywele zitalia na kujila. Kunja bamba la shaba la milimita 1.5 umbo la U, toboa masikio yote mawili kwa mara moja. Sasa sikiliza hapa: usilehemu vipande viwili vya bomba, kimoja kila sikio. Pitisha bomba moja zima la inchi 5/32, lenye ekseli ya 1/8 ndani yake. Pima kutoka katikati ya tundu la ulimi wa kuongozea, kile kipande cha mbele kinachoingia mferejini, hadi ncha ya kushoto ya ekseli, kisha hadi ya kulia. Vipimo vikilingana, lehemu. Likipoa, toa ekseli, ndipo ukate kipande cha katikati cha bomba kupisha gia taji, ile ya kwenye ekseli inayozungushwa na mota. Pande mbili zinazobaki zitatazamana bila kupinda, kwa sababu zilizaliwa bomba moja.

Sugua kila kiungo kwa stilwaya mpaka king'ae, paka flaksi, ile dawa inayosaidia lehemu kushika, halafu pasha chuma chenyewe. Lehemu hufuata joto. Ukimaliza osha kwa maji na bikaboneti, maana asidi ya flaksi ikibaki itaila ekseli kwa kutu.

Sonara_Ngara:
Naongezea kidogo, mimi nafua vito vya shaba Nairobi. Lile bamba la milimita 1.5 lipashe kwa gesi mpaka liwe jekundu hafifu, liache lipoe, ndipo ulikunje. Likiwa gumu linaweza kupasuka kwenye pembe. Ila fito za reli usizisogezee moto wa gesi kamwe. Ugumu wake umetokana na kuvutwa kiwandani, na ukizichoma zinalegea moja kwa moja. Pasi haina neno, lehemu ya 60/40 inayeyuka chini ya nyuzi 200. Na ina risasi, kwa hiyo fungua dirisha na unawe mikono kabla ya kula.

Mdigo_Birmingham:
Shikamoo mzee, na ahsante sana dada. Kuna mwenzangu klabuni anasisitiza mota ikae mshazari, eti gari litakimbia zaidi. Na ulimi niulehemu moja kwa moja kwenye reli?

Fundi_Chumbageni:
Marahaba. Kukimbia litakimbia, lakini mshazari ulienea mwaka 1968. Wewe umesema 1966, basi mota ilale kwa urefu wa gari.

Ulimi usiulehemu kwenye reli. Uweke kwenye mkono wake wenye bawaba: kijibomba cha shaba kinachozunguka juu ya waya wa springi uliopita kati ya reli. Pua ya gari ikiinuka, mkono unashuka na ulimi unabaki mferejini. Weka kizuizi usishuke zaidi ya milimita 2. Nyaya za kwenda kwenye mota ziwe laini na zenye nafasi, kwa sababu waya mgumu utaushikilia mkono juu na bawaba haitakuwa na kazi.