Ushauri: Mwaka wa tatu wa PhD, matokeo yamenigeuka, na vibarua vya programu pamoja na darasa la watu 280 vinanimaliza

Kijana wa Nkuhungu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Niko mwaka wa tatu wa PhD ya sayansi ya kompyuta. Chuo sikitaji, ila nipo Dodoma. Naomba ushauri, na wa kunisema mniseme tu, mengine nayastahili.

Utafiti wangu ni wa zabibu. Natengeneza programu ya simu: mkulima anapiga picha jani, simu inamwambia kama lina ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga) au ni zima. Miezi saba nimezunguka Mpunguzi, Matumbulu na Hombolo kwa bodaboda, nikapata picha 4,200 kwenye mashamba 11. Modeli, yaani ile sehemu ya programu inayojifunza kwa picha, ikatoa usahihi wa asilimia 96. Msimamizi wangu alifurahi mpaka akaninunulia chipsi kuku. Tukaandika ikisiri, ikakubaliwa kwenye kongamano, na hiyo 96 imekaa mstari wa tatu kabisa.

Wiki iliyopita usiku nikawa napekua picha za kupimia, natafuta moja nzuri ya kuweka kwenye slaidi. Nikakuta jani lenye tundu la mdudu, refu jembamba kama Ziwa Tanganyika kwenye ramani. Nikasema hili jani nalijua. Nikafungua folda ya picha za kufundishia: jani lilelile, tundu lilelile, na pembeni ukucha wangu wa gumba uliobanwa na mlango mwezi ule. Kumbe kila jani nilikuwa nalipiga picha tano sita mfululizo, halafu kompyuta ikazichanganya zote na kuzigawa kwa bahati nasibu. Yaani modeli ilikuwa inafanya mtihani ambao ilishauona. Nikagawa upya kwa mashamba, 8 ya kufundishia na 3 ya kupimia. Asilimia 61. Kwa swali la "anaumwa au mzima", hapo bora urushe shilingi.

Kwa nini sikuona mapema? Mchana nafundisha utangulizi wa programu, mwaka wa kwanza, vichwa 280. Jioni kuna kibarua. Nilimtengenezea mfanyabiashara wa mahindi Kibaigwa mfumo wa stoo na mizani, tulipatana miezi miwili, huu ni mwaka wa pili. Magunia yakipishana na daftari ananipigia saa tano usiku. Juzi alitaka mfumo "umtambue mteja mkorofi". Utafiti unapata makombo.

Kongamano ni wiki tano zijazo. Nimwambie msimamizi sasa, au nikusanye picha mpya kwanza ili niende na namba ya kumpoza? Na vibarua naviachaje wakati ndivyo vinavyolipa pango?

Nawasilisha.

Chizi Data

Kesho asubuhi mwambie. Wewe mwenyewe umeligundua kwa kutazama tundu la mdudu, unadhani wa kongamanoni hawatauliza picha uligawaje? Ndilo swali la kwanza siku hizi.

Na usijione wa kwanza. Mwaka 2016 Mohanty, Hughes na Salathé walitumia picha 54,306 za PlantVillage (hazina ya picha za majani ya mimea), wakapata asilimia 99.35. Walipoipa modeli picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ikashuka mpaka karibu 31. Wakaandika namba zote mbili kwenye makala hiyohiyo, na mpaka leo watu wanainukuu. Usiifiche hiyo 61. Kwangu mimi ndiyo yenye habari.

Mzee wa Sapu

Mkuu kumbe ni wewe unayetufundisha?? UE (mtihani wa mwisho) iwe nyepesi basi, nisije nikadisko halafu bumu lenyewe halijaingia 😂

Kamanda Mtulivu

Chizi Data punguza kasi. Wasimamizi hawafanani, kuna wa kuambiwa mlangoni na kuna wa kuandaliwa. Mimi wa kwangu ukimletea tatizo tupu anakuona wewe ndiye tatizo. Nenda na karatasi moja: picha mbili za hilo jani zikiwa pembeni kwa pembeni, matokeo ya mgawanyo wa kwanza, matokeo ya mgawanyo wa mashamba, na unachotaka kufanya wiki hii. Dakika kumi. Ila kusubiri mpaka upate namba nzuri, hapana. Hiyo namba isipokuja je?

Huyo wa Kibaigwa ulikosea tangu mwanzo, hukuandika mkataba. Kaa naye mkubaliane malipo ya matengenezo kwa mwezi, simu mwisho saa kumi na mbili jioni, kitu kipya bei mpya. Uone kama bado atamtaka mteja mkorofi. Halafu mtafute kijana wa mwaka wa tatu mwenye mikono, mfundishe mfumo, mgawane. Pango litalipwa pungufu miezi miwili, si mwisho wa dunia.

Mama Wawili

Pole mdogo wangu. Nilipita hukohuko, nikinyonyesha.

Niseme la darasa, maana hilo ndilo linakula muda wako na hata hulihesabu. Acha kusahihisha kazi 280 za nyumbani. Nilifanya hivyo mwaka mzima, siku moja nikakuta kazi arobaini zote zimeandika "jumlaa", a mbili mwishoni, mpaka ile nafasi tupu ya mstari wa saba ni moja. Nilikuwa namsahihisha mtu mmoja mara arobaini.

Sasa nawapa programu fupi yenye kosa. Wanakaa watatu watatu, wanaitengeneza. Wakija kwangu naelekeza kidole kwa mmoja, simwambii mapema ni nani, ananieleza mstari mmoja ninaouchagua mimi. Alama yake ndiyo ya wote watatu. Kwako ni makundi 94, dakika tatu kila kundi, jumla hazifiki masaa matano, na unazigawa kwa wiki mbili. Wiki ya kwanza watakununia. Baadaye utawakuta vimbwetani wanabanana: "wewe usipoelewa hapa unatuangusha." Hakuna hotuba yangu iliyowahi kufanya hivyo.

Mkulima wa Mpunguzi

Mimi kompyuta sijui, nasoma tu kwa sababu nimeona zabibu. Naomba kuuliza. Hizo picha ulipiga siku ngapi baada ya watu kupulizia salfa?

Kijana wa Nkuhungu (mleta uzi)

Mzee wangu shikamoo. Sikuuliza. Kwani?

Mkulima wa Mpunguzi

Marahaba. Salfa tunapulizia kwa ajili ya ubwiri huohuo, na ikikauka juu ya jani ni nyeupe. Mgeni hawezi kutofautisha. Sisi tunapangusa kwa kidole. Salfa inatoka, jani chini ni kijani, na kidole kinanuka kiberiti. Ubwiri ukiupangusa, mara nyingi chini unakuta pameshaanza kuwa kahawia. Simu yako haina kidole wala pua.

Chizi Data

Nimesimama. Mzee kaua uzi.

Kijana wa Nkuhungu (mleta uzi)

Nimerudi. Nimefungua picha za mashamba mawili ya Matumbulu nikazikuza. Weupe umekaa kwa matone matone, mengine yametiririka kufuata ncha ya jani. Ukungu hautiririki. Na mimi niliziandika zote "mgonjwa". Kwa hiyo hata hiyo 61 siiamini tena.

Leo saa nne nilikuwa ofisini kwa msimamizi, na karatasi moja kama alivyosema Kamanda. Alinyamaza muda mrefu, akachukua kalamu, akaifuta 96 kwenye nakala yake. Akauliza: "Hii ya salfa umeisoma wapi?" Nikamwambia nimeambiwa na mkulima. Akasema tuwaandikie wa kongamano leo hii kuirekebisha ikisiri, na huyo mkulima nimtafute. Chipsi kuku hakuna safari hii.

Wa Kibaigwa nimemwambia simu mwisho saa kumi na mbili. Kanipigia saa mbili usiku kuuliza kama nilikuwa natania.

Mzee, naweza kuja shambani kwako Jumamosi?

Mkulima wa Mpunguzi

Njoo saa moja asubuhi, jua halijawa kali. Nitaacha mistari mitatu bila kupulizia, mingine nitapulizia, uone mwenyewe. Uje na kitambaa cha kupangusia, na daftari la tarehe za dawa utaandika wewe, mimi miwani imevunjika.