Tupeane uzoefu: usiku wa mabaa Breckenridge na miji ya milimani Colorado

Mtanga wa Aurora
Wakuu, jana nimempokea mdogo wangu katoka Dar, kapata kazi ya msimu kwenye hoteli Breckenridge. Hata begi hajafungua, anauliza baa ziko wapi. Mliowahi kufanya kazi au kula bata kule Main Street, mwageni hapa asome kabla hajapanda.

Kibosho Asilia
Ajue kwanza mji ule uko mita 2,900 na ushei. Kambi ya Mandara pale Kilimanjaro ni 2,700 hivi. Lifti ya Imperial, ile ya kupandisha watelezaji wa theluji, inafika mita 3,900, juu kuliko kambi ya Horombo! Kwenye urefu ule, bia aiheshimu.

dada_wa_Kisauni
Kweli tupu. Na abebe pasipoti. Sheria ni miaka 21, na baunsa hana habari na NIDA. Nimeona baba mwenye mvi akirudishwa mlangoni.

Mpishi wa Usiku
Mada hii imenitonesha. Nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja, mwezi wa kwanza, baridi kali. Jumamosi tulipofunga tukaingia baa. Saa nane usiku Colorado baa haziuzi tena pombe, taa zikawashwa, wote nje. Mwenzetu wa Goma akasema anatangulia kituoni kuwahi basi la bure. Tulipofika, hakuna mtu wala basi. Simu inaita, haipokelewi. Tukamsaka kwa tochi za simu nyuma ya majengo, mpaka kando ya mto Blue.

Tukamkuta kaegemea rundo la theluji, koti kalivua na kulikunja vizuri magotini, anatabasamu. Ananiambia, "Niko bien, muniache nilale, niko nasikia moto." Vidole vyeupe, vigumu, ukivibonyeza havibonyei. Tukapiga 911.

Muuguzi alitueleza: pombe inatanua mishipa ya ngozi, damu yenye joto inakimbilia nje, mtu anahisi joto kumbe mwili unapoa. Akifikia kuvua koti kwenye baridi ile, hali ni mbaya sana. Alipona, ila ncha za vidole viwili zilikatwa. Mpaka leo nikiona mtu anatoka baa bila glovu namsimamisha.

Kibosho Asilia
Pole sana mkuu.

dada_wa_Kisauni
Mwili umenisisimka. Yuko wapi sasa?

Mpishi wa Usiku
Yuko Denver, kaoa. Pombe hagusi.

Mnairobi wa Aspen
Poleni sana. Mimi nauza kaunta huku Aspen, na kuna kitu lazima niseme: watu wetu, toeni tipu! Mtu anaagiza vinywaji vya meza nzima, anaacha dola moja. Sheria ya Colorado inamruhusu mwajiri kunilipa dola 3.02 chini ya kima cha chini kwa saa, kwa sababu ya hizo tipu.

Mzee wa Bajeti
Mdai mwajiri wako. Bei ya bia nimeshalipa.

Mnairobi wa Aspen
Basi kunywa kwako nyumbani.

Mtanga wa Aurora
Jamani, tipu ifunguliwe uzi wake.

Mama Ugali Summit
Siku mbili za mwanzo, mwili ukizoea urefu ule, asiguse pombe. Maji tu, na ale ashibe.

Mjomba Theluji
Akifika wiki ya Ullr Fest, ile sherehe ya theluji ya Breckenridge, watu wamevaa kofia za pembe barabara nzima, akae ndani na chupa ya maji? Mimi nilikunywa siku ya kwanza na sikuumwa hata kichwa.

Mama Ugali Summit
Wewe. Wenzako wanatapika usiku kucha.

Mzee wa Bajeti
Kuendesha asahau. Kule wanakushtaki pombe kwenye damu ikipita asilimia 0.05, wala hawasubiri 0.08. Na viza yake je?

Mpishi wa Usiku
Asitembee peke yake. Na ratiba ya basi la mwisho aijue kabla ya kuagiza bia ya kwanza.

Mtanga wa Aurora
Nimempa simu, kasoma yote. Anauliza glovu nzuri za bei nafuu zinapatikana wapi.

dada_wa_Kisauni
Duka la mitumba Dillon, mji wa jirani. Matajiri wanatoa vitu bado vina lebo. Awahi asubuhi.