Breki zinashika ukigusa tu: nirekebishe rodi, ninunue busta au nianzie magurudumuni?

Mchomoko wa Mwandiga
Wakuu, habari za jioni. Nina Probox, napiga Mwanga–Mwandiga hapa Kigoma, wateja wakipatikana nafika hadi Manyovu. Tangu mwezi uliopita breki zimekuwa kali kupita kiasi. Naweka ncha ya mguu tu, gari linasimama kama limeona chatu. Juzi dumu la mawese la mama mmoja lilipinduka kwenye buti, nikalipa nusu, na zulia sasa linanuka mawese mpaka abiria wananiuliza kama napika.

Nimeenda kwa mafundi wawili, nimepewa kauli mbili. Wa kwanza anasema atanipunguzia rodi ya pedeli, kile chuma kinachosukumwa ukikanyaga, nusu saa, 15,000. Wa pili anasema busta, lile linaloongezea mguu nguvu ya breki, limekufa, nitafute lingine la mtumba. Shemeji yangu yeye anasema pedi nilizofunga majuzi ndiyo tatizo. Hela ni ya kitu kimoja tu. Nianze na kipi?

Spana Kumi na Nne
Mkuu, kabla ya hela jibu maswali. Zinashika kila wakati, au asubuhi zaidi? Gari linavuta upande? Na ukipita kwenye kokoto, gurudumu gani linabururuka kwanza?

Mchomoko wa Mwandiga
Asubuhi ndiyo balaa, ila mchana pia zipo. Usukani hauvuti. Kwenye kokoto nasikia nyuma kushoto inakwaruza.

Kijana wa Gungu
Mimi natetea rodi. Gari langu lilikuwa hivyohivyo baada ya fundi kubadilisha swichi ya taa za breki. Aliikaza ikaingia mno, ikawa inasukuma pedeli muda wote bila mimi kukanyaga. Nikitoka Mwanga asubuhi nzuri tu, nikifika Kidahwe gari zito, rimu hazishikiki kwa moto. Sababu ni kwamba masta, yaani silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki, ikisukumwa hata kidogo, kitundu cha kurudishia mafuta kinazibwa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kurudi, breki zinajifunga zenyewe. Tulirudisha swichi nyuma kidogo, basi. Sikununua hata nati.

Pima hivi: zima injini, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, halafu isukume kwa kidole. Lazima kuwe na nafasi ndogo kabla hujakuta ugumu. Vitabu vya Toyota nyingi vinataka milimita 1 hadi 6. Ukikuta sifuri, umeshapata mchawi.

Spana Kumi na Nne
Kipimo hicho ni kizuri na ni cha bure, kifanye leo. Ila "kupunguza rodi" nisikilize vizuri, maana rodi ziko mbili na vijana wanazichanganya. Moja iko upande wa pedeli, ina nati ya kufungia, hiyo unaikuta ukiinama chini ya dashibodi. Ya pili imejificha kati ya busta na masta. Ikiwa ndefu, breki zinashika muda wote. Ikiwa fupi, pedeli inazama na siku moja utaikosa ukiteremka mlima. Hiyo ya pili haiguswi kwa kukisia. Muulize fundi wako wa 15,000 anazungumzia ipi. Akisitasita, chukua funguo zako uondoke.

Sasa, kujua kama ugonjwa uko juu au magurudumuni: endesha kidogo, inua gari kwa jeki, wekea vigingi, zungusha gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, legeza nati za masta pale inapofungwa kwenye busta, milimita chache tu. Gurudumu likiachia, rodi inasukuma masta. Lisipoachia, fungua nati ya kutolea upepo kwenye gurudumu hilohilo. Likiachia hapo, mafuta yamenaswa, labda bomba la mpira la breki limevimba kwa ndani. Bado zito? Basi kosa liko ndani ya gurudumu lenyewe, na busta utakuwa unalionea. Ukimaliza kaza kila kitu, angalia mafuta, jaribu breki gari likiwa limesimama.

Mama Noah
Hilo la busta mimi ningeliweka mwisho kabisa. Busta likifa, kwa kawaida pedeli inakuwa ngumu kama unakanyaga tofali, wala haiwi nyepesi. Langu liliniishia pale Lumumba nikiteremka kuelekea stesheni, nilikanyaga kwa miguu miwili. Kipimo chake: injini imezimwa, kanyaga mara tano sita, bakiza mguu umekanyaga, washa. Pedeli ikizama kidogo chini ya mguu, busta linavuta. Ni kweli valvu yake ya ndani inaweza kukwama likavuta kwa pupa, lakini la mtumba nalo nani anajua lilitolewa kwenye gari gani? Unaweza kununua ugonjwa uleule kwa bei mpya.

Shemeji wa Kasulu
Msidharau pedi. Tazama ubavuni mwa pedi, kuna herufi mbili, FF au GG au mchanganyiko. Ya kwanza inahusu ushikaji pedi ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto. G inashika kuliko F, F kuliko E. Mtu aliyezoea pedi za E zilizochoka akifunga G mpya, anaona gari limepandwa na jini. Na pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa na diski: unapunguza mwendo taratibu mara nyingi, bila kusimama ghafla, unaziacha zipoe.

Spana Kumi na Nne
Shemeji, hoja yako ina maana, lakini pedi ziko mbele. Mwenzetu kasema kokoto zinakwaruzwa nyuma kushoto, na Probox nyuma ina dramu, ambayo ndani ina shuu, si pedi.

Shemeji wa Kasulu
Hapo umenikamata.

Pikapu ya Tumbaku
Wenye Hilux na ndugu zake msome hapa pia. Kuna valvu ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa mkono uliounganishwa na ekseli. Fundi mmoja huku Kaliua aliifunga yangu kwa waya ikabaki imeinuka kama gari limebeba marobota. Likiwa tupu, nyuma ilikuwa inafunga na kuteleza kila nikigusa breki. Nilibadilisha breki shuu mara mbili kabla sijauona huo waya. Mara mbili!

Mama Noah
Na wenye Aqua, zile zenye injini na mota ya umeme: breki kushtuka gari likikaribia kusimama, wakati mwingine ni ile zamu ya mota kuachia na pedi kupokea. Msikimbilie kufungua pedeli.

Spana Kumi na Nne
Turudi kwa mgonjwa. Mkuu, vua dramu ya kushoto nyuma. Dau langu ni wili silinda, ile ndogo inayosukuma shuu ndani ya dramu, inavuja. Watu wanadhani shuu ikilowa mafuta inateleza tu. Ikilowa kidogo inanata, na shuu ya mbele kwenye dramu ina tabia ya kuvutwa na mzunguko wa dramu lenyewe, inajikandamiza zaidi kuliko ulivyokanyaga. Ndiyo maana unagusa, lenyewe linamalizia. Angalia pia kopo la mafuta ya breki kama limeshuka.

Kijana wa Gungu
Ikiwa ni hivyo si anazipiga msasa na kuzichoma kwa petroli kidogo? Huku ndivyo tunavyofanya.

Spana Kumi na Nne
Mnavyofanya ndivyo mnavyorudi gereji wiki ya pili. Shuu iliyokunywa mafuta ikipata joto inayatoa tena. Ni za kutupa. Na usibadilishe upande mmoja, badilisha zote nne za nyuma, la sivyo utahamisha ugomvi kutoka kushoto kwenda kulia.

Mchomoko wa Mwandiga
Wakuu, nimerudi. Nafasi ya pedeli nimepima, ipo, kama milimita 4. Pedeli imezama kidogo nilipowasha, kwa hiyo busta ni zima. Dramu ya kushoto tulipoivua, kifuniko cha mpira cha wili silinda kimejaa mafuta, shuu zimelowa upande mmoja na vumbi jekundu limegandana kama ugali. Kopo lilikuwa limeshuka na mimi nilikuwa naongeza tu bila kujiuliza yanakwenda wapi. Nimefunga wili silinda mbili na shuu za pande zote, tukatoa upepo. Fundi wa rodi hakufurahi.

Leo nimepeleka abiria Manyovu na kurudi, hakuna aliyeshika dashibodi. Kitu kimoja: asubuhi baada ya mvua ya usiku, breki ya kwanza na ya pili bado zimeshtuka, halafu zikatulia.

Spana Kumi na Nne
Hiyo ni kutu nyepesi ya usiku kwenye dramu na diski. Inasuguliwa yenyewe. Kanyaga taratibu ukitoka uani kabla hujaingia barabarani.

Mchomoko wa Mwandiga
Shukrani sana mzee. Sasa anayejua dawa ya harufu ya mawese kwenye zulia aseme bei.