Mjadala: Je, Western Breach iendelee kupitisha wapagazi?

Januari 2006 mawe yaliporomoka katika njia ya Western Breach, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Njia hiyo ilifungwa, kisha ikafunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 2007. Septemba 2015 jiwe likamuua Mmarekani mwingine huko huko.

Wanaotaka ibaki wazi husema kwamba mgeni ni mtu mzima aliyejulishwa hatari na kuikubali, na kwamba anayeondoka usiku kambi ya Arrow Glacier, iliyo chini ya Western Breach, hupita sehemu mbaya mawe yakiwa bado yameshikwa na barafu. Hoja ya pili ina uzito. Hata katika milima ya Alps, wapandaji wa majira ya machipuko huondoka alfajiri kwa sababu theluji iliyoganda usiku hulegea jua linapoipiga na kuanza kuporomoka. Lakini wao husoma kila siku taarifa inayopanga hatari ya maporomoko ya theluji katika ngazi tano, ilhali mwongozaji wetu hutegemea macho na masikio yake. Isitoshe, barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya mwaka 1912 na 2007, na kila inaporudi nyuma huacha mawe ambayo ilikuwa imeyashika kama saruji.

Hata hivyo, pingamizi langu kubwa halimhusu mgeni. Anayetaka kulala ndani ya kreta, yaani shimo la volkano lililo karibu na kilele, kwenye mita zipatazo 5,700, anahitaji hema, chakula, gesi na maji ya kupikia, na vyote hivyo hupandishwa kwa mgongo na kichwa cha mpagazi kupitia mteremko ule ule. Mgeni akiondoka saa nane usiku, mpagazi hubaki nyuma kuvunja kambi, kuosha vyombo na kufunga mizigo, kwa hiyo ni rahisi ajikute kwenye mawe jua likiwa limekwisha kupanda. Tahadhari tunayoisifu, basi, imepimwa kwa saa ya mgeni. Na ridhaa ya mtu ambaye akikataa safari atakosa ujira wa wiki nzima siwezi kuiita ridhaa.

Napendekeza njia isifungwe kabisa, bali kulala kreta kupitia Western Breach kupigwe marufuku. Mgeni apande na waongozaji wake, wote wakiwa na kofia ngumu, na wapagazi wazunguke na mizigo kupitia kambi za Barranco na Karanga, wakamsubiri upande wa kuteremkia kwa ujira ule ule. Kampuni zinazouza usiku wa kreta zitapoteza fedha. Hilo nalikubali, na sioni kuwa ni hoja ya kutosha.

Waongozaji na wapagazi mliopita huko, naomba kwanza mtujibu hili: siku ya kupanda, mtu wa mwisho mwenye mzigo huondoka Arrow Glacier saa ngapi, na nani huipanga saa hiyo?