Tupeane uzoefu: nyumbani kwenu mnaingojaje Noeli wakati wa Majilio?

Mama Mlezi (mleta mada)

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Majilio yanakaribia, nami naomba tupeane uzoefu juu ya jambo linalohubiriwa sana kanisani lakini ambalo ni nadra kuelezwa jinsi linavyofanyika sebuleni: familia inajiandaaje kwa Noeli katika majuma haya manne, hata watoto wakajua kwamba wanamngoja Mtu, si kwamba wanahesabu tu siku za kufikia sikukuu? Siulizi juu ya manunuzi wala safari, kwa kuwa hayo hayakosi wa kuyakumbuka. Nauliza juu ya mazoea ya imani ambayo mmeyashika mwaka hadi mwaka, nani huyatunza, na hubadilikaje watoto wanapokua.

Naanza mimi. Kwetu nguzo ni shada la Majilio, lenye mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi. Nililipenda zaidi nilipojua asili yake. Mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, mwanateolojia wa Kilutheri aliyekuwa akilea watoto maskini katika nyumba ya Rauhes Haus mjini Hamburg, alitengeneza shada la mbao lenye mishumaa mikubwa minne kwa ajili ya Jumapili na midogo kwa siku za katikati. Husimuliwa kwamba watoto wale walikuwa wakimuuliza kila siku kama Noeli imefika, naye akataka waone kwa macho yao ni kiasi gani kimebaki. Huwa nawasimulia wanangu habari hiyo kabla ya kuwasha mshumaa wa kwanza, kwa sababu inawaonyesha kwamba hamu yao ya kuuliza "bado siku ngapi?" ndiyo iliyozaa desturi yenyewe.

Kwa wanaopanga masomo ya kila jioni, kumbukeni kwamba urefu wa Majilio haufanani kila mwaka. Dominika ya kwanza ni ile iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, hivyo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na kipindi chote huwa na siku 22 hadi 28. Noeli ikiangukia Jumatatu, juma la nne lote ni siku moja: asubuhi ni Dominika ya nne na jioni ni mkesha.

Baba wa Watatu

Mama, ahsante kwa kuanzisha mada hii. Nasi tunalo shada, na uzoefu wangu ni kwamba lilianza kuwa mali ya watoto siku nilipoacha kuliongoza mwenyewe. Kila juma lina mtoto wake: yeye ndiye anayeliweka mezani, anayewasha chini ya macho ya mama yake au yangu, anayechagua wimbo, na anayezima mishumaa sala ikiisha. Jambo hilo la kuzima nalisisitiza, kwa maana majani hukauka upesi na kufikia juma la tatu shada huwa kavu kabisa. Sisi hulibadilisha majani katikati ya kipindi na hatuondoki chumbani mshumaa ukiwaka.

Sala yenyewe ni fupi. Mistari michache ya Injili ya Dominika iliyopita, kimya kidogo, Baba Yetu, basi. Naamini sana kwamba desturi ya nyumbani inapaswa kuwa ndogo kiasi cha kuwezekana hata jioni ambayo baba amerudi amechoka na mtoto mmoja ana homa, kwa sababu jioni za namna hiyo ndizo nyingi.

Mwanangu wa kati hupenda kupewa juma la tatu kwa ajili ya mshumaa wa waridi, nasi humsomea Wafilipi 4:4, "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini." Ndiyo maana Dominika hiyo huitwa ya Furaha. Mtoto anayeona rangi ikibadilika katikati ya zambarau hahitaji maelezo marefu kwamba toba ya Majilio inaelekea mahali fulani.

Mwalimu wa Katekesi

Naomba nilete mti wa Yese, baba yake Daudi, ambao naona haujazoeleka inavyostahili. Msingi wake ni Isaya 11:1: "Basi litatoka chipukizi katika shina la Yese, na tawi litakalotoka katika mizizi yake litazaa matunda." Huchukua tawi kavu, ukalisimamisha ndani ya chungu chenye mchanga, na kila jioni mtoto hutundika mchoro mmoja wa historia ya wokovu: tunda la Adamu na Eva, safina ya Nuhu, nyota za Ibrahimu, ngazi ya Yakobo, mbao za Amri Kumi, kinubi cha Daudi, hadi kumfikia Yohane Mbatizaji, Yosefu na Maria. Michoro huchorwa na watoto wenyewe katika juma linalotangulia Majilio, na ya miaka iliyopita huhifadhiwa, ili wale waliokua waone mikono yao ya zamani.

Kilichonigusa katika desturi hii ni maswali. Tunapofika kwenye nasaba ya Mathayo sura ya kwanza, ile inayopangwa kwa vizazi kumi na vinne mara tatu, wazazi wengi huiruka wakidhani ni orodha ya majina magumu. Sisi huisoma yote. Binti yangu alipokuwa na umri wa kuanza kufikiri aliuliza kwa nini miongoni mwa akina baba wengi namna ile wametajwa wanawake wachache tu, nasi tukawafuatilia mmoja mmoja: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, kisha Mariamu. Rahabu alikuwa mwanamke wa Yeriko ambaye majirani zake wasingemtaja kwa heshima. Ruthu alikuwa Mmoabu, mgeni na mjane. Mke wa Uria alitendewa jambo ambalo Maandiko yenyewe yanalilaumu. Kumweleza mtoto kwamba Mwokozi alikubali kuzaliwa katika ukoo wenye majeraha na aibu ni katekesi ambayo sijawahi kuitoa vizuri darasani kama nilivyoitoa mbele ya tawi lile kavu. Jioni hiyo ilitupeleka mbali, hata habari za ukoo wetu wenyewe, pamoja na zile ambazo huwa hazisemwi, zikapata mahali pa kusemwa bila hofu.

Bibi Mwanakwaya

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Mimi kazi yangu ni pango. Tunaambiwa kwamba mwaka 1223 huko Greccio, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye nyasi, pamoja na ng'ombe na punda walio hai, ili watu waone kwa macho ya mwili umaskini aliozaliwa nao Mtoto Yesu. Nami huwaandalia wajukuu pango tangu Dominika ya kwanza, ila hori huliacha tupu. Mtoto Yesu simweki hadi usiku wa tarehe 24, na humweka aliye mdogo kuliko wote, akiwa amebebwa kama hafikii. Mamajusi huanzia mbali, chumba kingine kabisa, na wajukuu huwasogeza kidogo kidogo hadi wafike sikukuu ya Epifania, 6 Januari.

Katika hori huweka unyasi mmoja kwa kila tendo jema lililofanywa siku hiyo, ili Mtoto akija apate mahali laini pa kulala. Hili nalipenda kuliko yote.

Baba wa Watatu

Shikamoo Bibi. Naomba kuuliza kwa heshima: je, unyasi ule hauwafanyi watoto washindane? Nina mashaka na kila desturi inayomfanya mtoto ahesabu wema wake, kwa maana neema ya Noeli haikuja kwa kuwa hori lilikuwa limejaa.

Bibi Mwanakwaya

Marahaba, mwanangu, na swali lako ni la haki. Kwetu kuna sharti moja: unyasi huwekwa pasipo kuonekana, wala hakuna anayetaja alichofanya. Mathayo sura ya sita yasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, na nyasi zote zikichanganyika hakuna ajuaye ni upi wa nani. Usiku wa mkesha, kabla ya kumweka Mtoto, mimi mwenyewe huongeza konzi nzima ya nyasi mbele yao wote, nikawaambia kwamba hizo ni za Mungu, ambaye hulijaza hori hata pale sisi tulipopungukiwa.

Mama Mlezi

Bibi, hiyo konzi ya mwisho nimeichukua.

Dada Mkubwa

Sisi ni ndugu wazima, tunaishi mbalimbali, na wazazi wako peke yao nyumbani. Tunasoma Injili ya Luka: ina sura 24, kwa hiyo tukianza tarehe 1 Desemba tunamaliza usiku wa mkesha. Kila jioni mmoja husoma kwa sauti kwa simu na wengine husikiliza. Wapo wanaoshangaa kwamba usiku wa Noeli tunasoma sura ya ufufuo, badala ya sura ya pili yenye habari za kuzaliwa. Kwetu limekuwa jambo la thamani kubwa, kwani baba yetu sasa ni mzee sana, na kusikia habari za njia ya Emau usiku uleule anaposubiri kuimba kuzaliwa kwa Bwana humtia nguvu ambazo wimbo peke yake haumpi. Vijana waliokataa michoro na mishumaa nao hukubali kusoma, kwa kuwa wanatendewa kama watu wazima.

Mjane Mwenye Tumaini

Nimesita kuandika, lakini nadhani wapo wanaohitaji neno hili. Majilio ya kwanza baada ya kifo cha mume wangu nilitaka kuacha kila kitu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akisoma. Watoto walilileta shada wenyewe. Hatukuimba. Tuliwasha mshumaa, mkubwa wao akasoma Isaya 9, "Watu wale waliokwenda katika giza wameona nuru kuu," tukamtaja baba yao kwa jina, tukanyamaza. Hivyo ndivyo tulivyofanya kila Dominika hadi mwisho.

Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kutowalazimisha waliofiwa kuwa na furaha ya sikukuu kabla ya wakati. Majilio yana nafasi kwa ajili yetu: rangi yake ni zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi Misani Dominika zake, na Mbatizaji analia jangwani. Kwa mtu mwenye msiba ni kipindi kinachomkubali alivyo. Mialiko mingi niliyopata ilikuwa ya kunichangamsha, na niliyoipenda zaidi ilitoka kwa jirani aliyesema tu, "Naomba nije nikae nanyi wakati wa kuwasha."

Mwalimu wa Katekesi

Pole sana, dada. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani.

Baba Mgeni wa Mada

Nimesoma yote na nina swali moja. Sisi hatujawahi kufanya lolote kati ya haya, watoto wana umri unaotofautiana sana, na mke wangu hufanya kazi za zamu hadi katikati ya Desemba. Je, tukichelewa kuanza, tuache hadi mwaka ujao?

Mama Mlezi

Msiache, kaka. Anzeni tarehe 17 Desemba, kwa kuwa Kanisa lenyewe kuanzia siku hiyo hubadili mwendo na kuielekea Noeli moja kwa moja. Toka tarehe 17 hadi 23, katika Masifu ya Jioni, yaani sala ya Kanisa ya jioni, antifona (kiitikio kifupi) inayotangulia wimbo wa Bikira Maria humwita Kristo kila siku kwa jina jipya: Hekima, Adonai (yaani Bwana), Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa Mataifa, na mwisho Emanueli. Ni majina saba kwa jioni saba, na yote yametoka katika Agano la Kale.

Mgawie kila mmoja jina lake, na mama naye agawiwe siku ambayo hana zamu. Mdogo mpeni Ufunguo, kwa sababu anaweza kushika ufunguo halisi mkononi. Aliye kijana mpeni Hekima au Mapambazuko, atafute mwenyewe andiko lake na kulieleza kwa maneno yake. Jioni semeni jina hilo pamoja, ongezeni "njoo", kila mmoja aombe jambo moja linalohitaji kufunguliwa, kuangazwa au kuongozwa, kisha someni Luka 1:46 na kuendelea, "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana." Haitazidi muda wa kuweka meza. Tarehe 24 mtakuwa na majina yote saba yameandikwa kwenye karatasi moja, na hiyo itunzeni pamoja na vitu vya pango ili mwakani muanze nayo mapema.