Istilahi ya kisayansi hupata maana wapi: kwenye nadharia au kwenye kitu chenyewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Binti yangu yuko kidato cha pili, na juzi aliniuliza neno "oksijeni" lina maana gani. Nikamwambia limeundwa kwa maneno ya Kigiriki, maana yake "kizalisha asidi". Akanitazama, akauliza: mbona asidi ya haidrokloriki ni HCl, yaani haidrojeni na klorini tu, oksijeni iko wapi hapo?

Jina hilo alilitunga Mfaransa Lavoisier mwaka 1777, akiamini kwamba kila asidi ina oksijeni ndani yake. Mwaka 1810 Mwingereza Humphry Davy akaonyesha kwamba klorini ni elementi, na kwamba asidi ile haina oksijeni hata chembe. Imani iliyozaa jina ikaanguka, jina likabaki. Na hakuna anayesema kwamba Lavoisier alikuwa anataja kitu kisichokuwepo. Ndivyo ilivyo hata kwa malaria: kwa Kiitaliano ni "hewa mbaya", lakini mwaka 1897 Ronald Ross alikuta vimelea tumboni mwa mbu kule Secunderabad, India. Hewa haina kosa, na neno bado tunalo.

Wanafalsafa wa sayansi wamegawanyika hapa. Thomas Kuhn na Paul Feyerabend, wote wakiandika mwaka 1962, walishikilia kwamba istilahi hupata maana ndani ya nadharia nzima. Ni kama kete ya bao: ukiitoa ubaoni inabaki komwe tu. Nadharia ikibadilika, maana nayo imebadilika, hata kama herufi ni zilezile. Saul Kripke katika mihadhara yake ya 1970, na Hilary Putnam mwaka 1975, wakaja na njia nyingine: jina hubandikwa kwenye kitu, kisha tunapokezana. Kitu chenyewe ndicho kinachoshikilia jina, hata kama maelezo yetu ya mwanzo yalikuwa na makosa.

Mimi nasimama na hawa wa pili. Tarehe 1 Agosti 1774 mkemia Mwingereza Joseph Priestley alichoma oksidi nyekundu ya zebaki kwa lenzi na mwanga wa jua, akapata hewa ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu ya ajabu. Aliiita "hewa iliyoondolewa flojistoni", kwa sababu aliamini kitu kinapoungua hutoa kitu kiitwacho flojistoni. Lavoisier alisema flojistoni haipo. Lakini Priestley aliivuta hewa ile kifuani mwake, na aliyoivuta ilikuwa oksijeni! Kama maana inakaa kwenye nadharia peke yake, basi wawili hawa hawakubishana kamwe, kila mtu alikuwa anasema yake. Siwezi kulikubali hilo. Walibishana juu ya kilichomo chupani.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, flojistoni nayo ilibandikwa jina kwa njia hiyohiyo. Mjerumani Stahl aliyeipa jina hilo alikuwa anatafuta kinachosababisha vitu kuungua. Haya, tufuate kanuni yako: ni nini kinachohitajika ili ukuni uwake? Oksijeni. Kwa hiyo flojistoni ni jina la oksijeni, na Priestley alikuwa anasema "oksijeni iliyoondolewa oksijeni".

Kukionyesha kitu kwa kidole na kukipa jina, peke yake hakutoshi. Ukikinyoosha kwenye moto umeonyesha nini? Joto, mwanga, moshi unaotoka, au hewa inayoingia? Kinachochagua ni nadharia. Huwezi kuitoa mlangoni halafu ukaitegemea dirishani.

Mwalimu wa fizikia

Mimi naliona darasani. Mwanafunzi anakuja na uzito wa sokoni, kilo mbili za mchele. Namwambia kilo ni kipimo cha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu. Uzito ni kani, yaani nguvu ya mvutano inayokivuta kitu chini, hupimwa kwa njutoni, na mwezini ungebaki kama moja ya sita. Neno "tungamo" hakulisikia nyumbani. Analipata pamoja na sheria za Newton, siku moja, ubao mmoja. Nani atamwonyesha tungamo kwa kidole?

Mwanafizikia Mmarekani Percy Bridgman alisema mwaka 1927 kwamba dhana ni matendo tu ya kuipima. Nililipenda wazo hilo mpaka nilipoona kwamba tungamo ninalopima kwa mizani na lile ninalopima kwa kusukuma kigari linakuwa dhana mbili. Hapo nikaliacha.

Mleta mada

Mchangiaji wa kwanza, umenibana, na sina budi kusogea. Jina haliwezi kubandikwa bila kusema walau ni kitu cha aina gani. Stahl hakusema "chochote kinachohusika na moto". Alisema kuna kitu *kinachotoka*. Hakuna kitu cha namna hiyo kinachotoka, ndiyo maana jina likabaki tupu. Lavoisier alisema mawili: ni hewa hii hapa, na inazalisha asidi. La pili likaanguka, la kwanza likasimama. Katika nyumba ya udongo kuna nguzo na kuna kukandika. Kosa langu lilikuwa kudhani maelezo yote ya nadharia ni kukandika.

Kuhusu Priestley, nadhani mwanafalsafa Philip Kitcher alilikaribia jibu mwaka 1978: neno lilelile, kinywani mwa mtu yuleyule, linaweza kutaja vitu tofauti. Alipoivuta hewa yake na kuitaja, alitaja oksijeni. Alipoieleza kuwa ni matokeo ya kuondoa flojistoni, hakutaja kitu.

Lakini tungamo linanisumbua zaidi, mwalimu. Mwanafalsafa Hartry Field aliandika mwaka 1973 kwamba neno la Newton liligusa, nusunusu, vipimo viwili ambavyo Einstein alikuja kuvitenganisha: tungamo lisilobadilika na mwendo, na lile linaloongezeka kadiri kasi inavyozidi. Hakuna linaloweza kuamua ni lipi hasa Newton alikusudia. Kama ni kweli, basi hapa kitu chenyewe hakikuchagua, na nadharia yake haikuchagua pia. Wewe unayelifundisha: unapoandika "tungamo" ubaoni chini ya jina la Newton, unawaandikia lipi?